Saa ya kupimia mpaka ianzie kwenye foleni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo moja kuhusu fedha za misaada zinazotolewa kurekebisha biashara mipakani mwetu. Kila mradi wa aina hii unapofungwa, wananchi huletewa namba: lori lililokuwa likikaa siku mbili sasa linakaa saa chache. Namba husomwa jukwaani, hupigiwa makofi, kisha huingia kwenye ripoti ya tathmini. Hakuna anayeuliza saa ilianza kuhesabiwa lori likiwa wapi.

Kwa asiye wa kazi hizi, tueleze kwa ufupi. Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), Hong Kong, Desemba 2005, ndio uliozindua mpango wa misaada kwa ajili ya biashara. Hoja ilikuwa kwamba kufunguliwa soko bila barabara, bandari wala maabara ni sawa na kualikwa harusini usipewe nauli. Baadaye ukaja Mkataba wa Kurahisisha Biashara, uliokubaliwa Bali Desemba 2013 na kuanza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2017, siku ambayo Rwanda, Oman, Chad na Jordan zilitimiza idadi ya nchi zilizokuwa zikihitajika. Katika mkataba huu nchi inayoendelea hujipangia yenyewe masharti katika mafungu matatu: A ni yale iliyo tayari kuyatekeleza, B ni yale inayoyaombea muda, C ni yale inayoyaombea muda na msaada. Fungu C ndilo mlango wa wafadhili.

Kwetu Afrika Mashariki fedha hizo zimeonekana zaidi kwenye vituo vya pamoja vya mipakani: Holili na Taveta, Busia, Mutukula, Rusumo, Kabanga na Kobero, Tunduma na Nakonde, na kadhalika. Wazo lenyewe ni zuri. Chukua Namanga. Lori linalotoka Nairobi kwenda Arusha halisimami upande wa Kenya. Linavuka hadi upande wa Tanzania, na huko linawakuta maofisa wa Kenya wa kulitoa na maofisa wa Tanzania wa kuliingiza, wote chini ya paa moja. Linalokwenda Nairobi linafanya kinyume chake. Kwa Afrika, Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ndiyo iliyotangulia, Desemba 2009. Sisi tukafuata, na Sheria ya Jumuiya ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya 2016 ikampa ofisa wa nchi moja mamlaka ya kufanya kazi akiwa kwenye ardhi ya nchi nyingine.

Turudi kwenye saa. Muda wa lori mpakani una vipande vinne. Cha kwanza, kutoka mkia wa foleni hadi geti. Cha pili, kutoka geti hadi nyaraka kupokelewa. Cha tatu, kutoka nyaraka kupokelewa hadi kibali cha kutoa mzigo. Cha nne, kutoka kibali hadi lori kupita geti la mwisho. Mfumo wa kompyuta wa forodha unakijua vizuri kipande cha tatu peke yake, kwa kuwa kinaanza na kuisha mtu akibonyeza kitufe. Mshauri mwelekezi aliyepewa wiki tatu za kazi hachelewi kutambua hilo. Anaomba takwimu za mfumo, anapewa, anachora grafu, anaondoka. Foleni ya kilomita saba nje ya geti haimo kwenye grafu. Dereva na utingo wake waliolala siku mbili chini ya tela hawamo.

Mwaka 2020, wakati wa Uviko, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Ukiusikiliza mfumo, malori yale yalikuwa hayajafika mpakani.

Tuseme na haki ya upande wa pili. Kipande cha nne mara nyingi si kosa la kituo. Kibali kinatoka saa kumi jioni, lori linaondoka alfajiri kwa sababu wakala hajamalizana na malipo ya maegesho au dereva ameamua kulala asiendeshe usiku. Anayejumlisha saa hizo na kuwabebesha maofisa naye anapotosha. Ndiyo maana vipande vinne lazima vitangazwe kila kimoja peke yake.

Namna ya kupima haina siri. Shirika la Forodha Duniani lina mwongozo wa upimaji wa muda wa kutoa mizigo, na mamlaka za mapato za kwetu zimewahi kuutumia. Ili kazi iwe na maana mpakani, wahesabuji hupangwa kwa zamu usiku na mchana, siku saba mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mmoja anakaa mkiani mwa foleni, mmoja geti la kuingilia, mmoja ukumbini penye madirisha, mmoja geti la kutokea. Kila dereva anapewa karatasi yenye namba ya kichwa na namba ya tela (usiandike moja, kwa sababu vichwa hubadilishana matela mpakani), na karatasi hiyo inaandikwa muda kila anapopita. Bajeti ikibana, wa kwanza kupunguzwa ni yule wa mkiani. Sababu ni ndogo kabisa: mkia unahama, leo uko mita mia tatu, kesho kilomita tano, kwa hiyo anahitaji pikipiki na mafuta. Akiondolewa yeye, kipande cha kwanza chote kinakwenda naye.

Kosa jingine ni wastani. Tuchukue malori kumi ya mfano. Tisa yanatoka kwa saa 3 kila moja, la kumi linakwama saa 93 kwa sababu ya mzozo wa thamani ya mzigo. Jumla ni saa 120, wastani saa 12. Mradi ukiisha, anapita mtu na kusema malori yenye hoja za nyaraka tusiyahesabu, si kosa letu. Wastani unashuka ghafla kutoka saa 12 hadi saa 3, na hakuna kilichobadilika uwanjani. Wanaojua kazi hii huomba namba mbili: mediani, yaani muda wa lori la katikati ukiyapanga yote kwa mstari, na muda ambao malori tisa kati ya kumi huwa yameshatoka. Ajabu ni kwamba Ibara ya 7 ya Mkataba wa Kurahisisha Biashara, inapozihimiza nchi kupima na kutangaza muda wa kutoa mizigo, inataja wastani. Wastani peke yake ukipewa mfadhili mwenye haraka unasema chochote anachotaka kusikia.

Na msimu je? Kipimo cha awali kikichukuliwa Desemba, bidhaa za sikukuu zikiwa njiani, na cha mwisho kikachukuliwa Februari, kalenda imeshaufanyia mradi nusu ya kazi.

Ipo namba iliyoimbwa sana katika Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda nchi za bara: kontena la Mombasa kwenda Kampala, kutoka siku 18 hadi 4. Hatusemi ni ya uongo. Tunauliza ni ya nani. Katika miaka hiyo hiyo Himaya Moja ya Forodha ilianza, 2014, kodi ikawa inalipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Vizuizi vya polisi na mizani vikapunguzwa. Zikaja kufuli za kielektroniki za kufuatilia mizigo zinazotumiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Rwanda. Bandari nayo ikapanuliwa. Vituo vya pamoja vikajengwa humo humo, na Busia ilifunguliwa rasmi na marais wawili Februari 2018. Kila mfadhili aliyegusa kipande kimojawapo anayo ripoti inayodai siku hizo 14. Ukizijumlisha ripoti zote, kontena lingefika Kampala kabla meli haijatia nanga.

Njia ya kugawa sifa ipo, nayo haihitaji profesa. Mpaka wenye mradi ukipungua saa 20, na mpaka usio na mradi ukipungua saa 15 katika kipindi kile kile, haki ya mradi ni saa 5. Tahadhari moja: malori huhama. Kituo kipya kikiwa chepesi, madereva wa mpaka wa jirani hukimbilia huko, kwa hiyo jirani anaonekana ameboreka bila kufanyiwa lolote na kituo kipya kinaanza kujaa. Ni lazima idadi ya malori itolewe pamoja na saa, vinginevyo hesabu hiyo nayo inadanganya.

Tena saa zilizookolewa zinakwenda mfukoni mwa nani? Ripoti nyingi huchukua gharama ya lori likisimama kwa siku, huzidisha kwa idadi ya malori, na kutangaza mamilioni ya dola yaliyookolewa. Mwagizaji anayelipa nauli ile ile ya kontena hajaokoa kitu. Nauli ya kwenda Kampala au Kigali inabebwa zaidi na bei ya dizeli na ukweli kwamba malori mengi hurudi pwani matupu, hivyo mwenye mzigo wa kwenda hulipia safari mbili. Mthamini makini aombe ankara za nauli za kabla na baada, kwa kontena la ukubwa ule ule na njia ile ile, aondoe mabadiliko ya dizeli, ndipo aseme. Kazi ya siku kumi. Hatuioni kwenye ripoti nyingi.

Anayetaka kuona kwamba jengo si dawa aende Tunduma. Kituo cha pamoja kipo tangu 2019, fedha za wafadhili zimetumika, majengo yanafanana na ya mipaka mingine, na foleni ya malori ya Zambia na Kongo bado ni habari ya kawaida. Tofauti iko kwenye sheria. Namanga, Holili na Mutukula pande zote mbili zinafuata Sheria moja ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004, na tamko la forodha lililofanyika upande mmoja lina maana upande wa pili. Zambia haimo katika umoja wetu wa forodha. Tanzania nayo ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ambako Zambia na Kongo zimo. Kwa hiyo mzigo wa kwenda Lubumbashi hufungwa hesabu Tanzania, hufunguliwa upya Zambia, kwa mfumo mwingine wa kompyuta na dhamana nyingine. Tathmini ya Tunduma ikisema mradi umefeli, imekosea. Ikisema umefaulu kwa kuwa jengo limekamilika, imekosea zaidi. Iseme kwamba fedha zilitangulia, makubaliano ya sheria yakabaki nyuma.

Mfano wa kinyume nao upo. Sheria ya Fedha ya 2019 ya Tanzania iliondoa udhibiti wa chakula kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na kuupeleka Shirika la Viwango (TBS), ikiwa sehemu ya utekelezaji wa MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara. Kwa mwagizaji wa chakula ni dirisha moja pungufu. Hakuna tofali lililowekwa, hakuna utepe uliokatwa.

Kuhusu semina tusipoteze karatasi. Idadi ya waliohudhuria na kusaini posho haipimi kitu.

Maabara ndizo zinazostahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa huko fedha nyingi hufa kimya kimya. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ni cha Jumuiya yenyewe, sambamba na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wafadhili walikuwa wameshanunua mashine za kupimia huku na huku. Kwa nini basi shehena moja ipimwe mara mbili na itoe majibu mawili?

Jibu liko kwenye bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili kuchota punje za kupima. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zilizoota ukungu ndizo hubeba karibu sumu yote. Lori la tani 28 lina magunia 280 ya kilo mia. Ofisa akichoma bambo kwenye magunia matatu ya juu, yaliyo karibu na mkono, anaweza kupata sehemu 2 kwa bilioni, na mwenzake wa upande wa pili, kwa magunia matatu mengine, akapata 40. Mashine zote mbili ni nzima na wataalamu wote wawili ni waaminifu. Inavyotakiwa ni kuchoma magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, wakati wa kushusha au kupakia. Kuchanganya punje zote. Kugawa robo kwa robo mpaka ibaki kilo chache. Kusaga zote hizo ziwe unga. Kisha ndipo kuchota gramu chache za kupeleka kwenye mashine. Wengi huchota kwanza, husaga baadaye, na hapo jibu limeshaharibika. Mradi unaonunua mashine mbili bila kuwakutanisha maofisa wa pande mbili kwenye lori moja, wakiwa na bambo moja, umenunua ugomvi wenye risiti.

Maabara ya namna hiyo ipimwe kwa mambo haya: ilipima sampuli ngapi kwa mwezi, siku ngapi zilipita kati ya kuchukua sampuli na kutoa jibu, na vyeti vyake vingapi vilikubaliwa ng'ambo ya mpaka bila kupimwa tena. La mwisho ndilo kubwa, na ndilo lisiloulizwa. Mthamini afungue pia kabati la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, asome tarehe za kuisha muda. Mashine hudumu miaka, vitendanishi havidumu, na ithibati ya maabara inalipiwa kila mwaka. Mradi ukilipia miaka mitatu na bajeti ya serikali ikawa haina kasma hiyo, mwaka wa nne mashine inafunikwa kitambaa.

Sasa mfanyabiashara mdogo, ambaye picha yake hupamba jalada la kila ripoti. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinachotolewa pale pale mpakani. Tathmini huhesabu vyeti vilivyotolewa. Lakini cheti hicho kinahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, kwa hiyo muuza mitumba hana chake. Tena kinaondoa ushuru wa forodha peke yake: kodi nyingine za ndani na vibali vya afya ya mimea na viwango viko pale pale. Mama mwenye magunia mawili ya maharage anakipata cheti, kisha anaambiwa kibali cha mimea bado. Akipiga hesabu ya nauli na siku, anamwita bodaboda na kupita njia ya panya. Kwenye ripoti yeye ni cheti kimoja, ushahidi wa mafanikio.

Ili kumjua huyo inabidi kuhesabu nje ya geti. Uganda wanafanya. Ofisi ya Takwimu ya Uganda na Benki Kuu yao kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka wahesabuji mipakani kuandika kwa macho kila kinachopita: cha kichwani, cha baiskeli, cha mkokoteni, hata zile baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu zinazobeba mizigo Busia. Kituo kipya kikiwa kweli kimewafaa wadogo, mzigo wa njia za panya utapungua kwenye daftari hilo huku wa getini ukiongezeka. Kama vyote viwili vimeongezeka, huenda ni mavuno mazuri tu.

Mhariri, tathmini yenye meno inawezekana. Desemba 2013 tume huru ya Uingereza inayokagua misaada ilitoa ripoti kali kuhusu mradi wa TradeMark Southern Africa, na serikali ya Uingereza ikaamua kuufunga. Lakini ripoti ile iliagizwa kwa niaba ya mlipa kodi wa Uingereza, ikamjibu yeye. Wenye malori na mizigo hawakuwa mezani. Na sasa wenye fedha wenyewe wanaondoka. Uingereza ilishuka kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Shirika la misaada la Marekani, USAID, limesitisha kazi zake katikati ya 2025. Hata wakati fedha zilipokuwapo, kipimo cha uendelevu kilifanyika mfadhili angali analipa intaneti ya kituo na dizeli ya jenereta. Uendelevu unapimwa mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka. Umeme ukikatika saa nane usiku, nani analijaza tangi? Mfumo wa ofisa wa Kenya aliyekaa upande wa Tanzania ukilala, nani anapigiwa simu?

Tunachoomba ni kazi ya kawaida ya ofisi. Sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha, pamoja na mamlaka za mapato, itangaze kila robo mwaka, kwa kila kituo na kwa pande zote mbili za safari, vipande vinne vya muda, mediani na idadi ya malori, na faili la takwimu liwekwe wazi bila majina ya kampuni. Kila mkataba mpya wa msaada utenge fedha za kipimo cha miezi 24 baada ya mradi kufungwa, zishikwe na ofisi ya taifa ya takwimu, asizishike msimamizi wa mradi. Kamati za taifa za kurahisisha biashara, zinazotakiwa na Ibara ya 23 ya mkataba ule, ziwe na viti vya madereva na vya wanawake wa biashara ndogo, na ripoti ya tathmini isomwe mbele yao kwa Kiswahili kabla haijapokelewa. Na yule mhesabuji wa mkiani aajiriwe, mafuta ya pikipiki yake yakiingizwa kwenye bajeti ya TRA na KRA mwaka huu wa fedha.

Ni sisi,
Wafuatiliaji wa masuala ya forodha na usafirishaji,
Arusha.